Kidonge cha kila asubuhi: Mtu mzima mwenye ADHD atameza mpaka lini?

Mtu mzima anapoambiwa na daktari kwamba ana ADHD na kwamba dawa ipo, hachelewi kuuliza: nitameza mpaka lini? Ni swali la haki. Sisi tuliokua na vidonge vya malaria tumezoea dawa yenye mwisho. Unapewa dozi, unahimizwa uimalize hata ukipata nafuu, unaimaliza, yamekwisha. Tumezoea pia dawa zisizo na mwisho, za presha, za kisukari, za kufubaza virusi vya Ukimwi, ambazo ukiziacha kienyeji unajitafutia makubwa. Vidonge vya ADHD havikai vizuri upande wowote kati ya hizo mbili. Haviponyi, kwa hiyo hakuna dozi ya kumaliza. Wala si kifungo cha maisha: ukiruka siku moja hakuna kijidudu kinachojenga usugu, na kinachorudi ni ADHD yako ileile ya jana.

Jibu la kweli basi ni hili, hata kama halimfurahishi anayeuliza: utameza maadamu faida inazidi gharama, na hesabu hiyo ipigwe upya kila mwaka. Shida ni kwamba wengi hawaipigi. Wapo wanaoiogopa dawa bila kuijua, wakaiita ya kulevya na mjadala ukaishia hapo. Wapo wengine wanaomeza miaka nenda miaka rudi bila kupimwa presha. Wote wanahitaji kusikia yaliyoonekana Sweden, nchi ambayo imewafuatilia watumiaji wa dawa hizi kwa wingi na kwa muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni, na inayojitokeza kwa umakini usiotulia, papara na utukutu. Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba mtoto akishabalehe ameachana nayo. Kweli, aliyekuwa akiparamia madirisha ya darasa akiwa na miaka minane hayaparamii akiwa na arobaini. Lakini kodi ya nyumba inachelewa ilhali pesa ipo kwenye simu. Ripoti inaandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, kila mara, na kila mara kwa kiapo kwamba haitarudiwa. Anamkatiza mwenzake maneno mdomoni. Anaacha kazi kwa hasira ya dakika tano, kisha anatumia miezi mitano kutafuta nyingine. Utukutu wa miguu umehamia kichwani.

Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo lake la 2013, unataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua tano za umakini hafifu, au tano za utukutu na papara, na kadhaa ziwe zilionekana kabla hajafikisha miaka 12. Sharti hilo la utoto ndilo linalorukwa na wengi wanaojipima wenyewe kwa video fupi za kwenye simu. Usingizi mbovu, sonona, matatizo ya tezi ya shingoni, hata kazi ya mabosi wawili wasioelewana, vyote vinaweza kumfanya mtu asahau funguo. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba takriban asilimia 2.6 ya watu wazima wana ADHD iliyoanza utotoni na kuendelea nao. Si wachache, lakini si kila mtu anayechelewa kikao. Wengi hugundua wakiwa wamempeleka mtoto wao kupimwa: daktari anasoma orodha ya dalili, baba ananyamaza, mama anamgeukia. Hali hii hurithiwa kwa kiwango kikubwa, tafiti za mapacha zimelionyesha hilo mara nyingi.

Vidonge vya hesabu

Dawa zenyewe zilipatikana kwa bahati. Charles Bradley, daktari katika hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia jimboni Rhode Island, Marekani, alikuwa akiwapiga watoto picha za ubongo kwa njia ya zamani iliyohitaji kunyonya maji ya uti wa mgongo. Baada ya hapo walishikwa na maumivu makali ya kichwa. Akawapa Benzedrine, yaani amfetamini, akitumaini kwamba mwili ungetengeneza maji hayo upesi. Vichwa viliendelea kuuma. Walimu ndio waliomletea habari: baadhi ya watoto walikuwa wameanza kutulia na kufanya kazi zao za darasani, na wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu. Bradley alichapisha aliyoyaona mwaka 1937.

Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza methilfenideti. Mkewe Marguerite, ambaye nyumbani aliitwa Rita, alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi, na jina la Ritalin limetokana naye. Hadithi hiyo husimuliwa kama kichekesho, lakini ina jambo zito. Rita hakuwa mgonjwa. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba dawa hizi humchangamsha hata asiye na tatizo, na ndiyo maana kauli ya “nilionja kidonge cha rafiki yangu nikafanya kazi vizuri, basi nina ADHD” haithibitishi kitu.

Watu wazima walisubiri sana. Paul Wender na wenzake wa Utah walichapisha mwaka 1976 moja ya majaribio ya mwanzo ya methilfenideti kwa watu wazima, wakati wengi katika taaluma yao bado waliona ni ugonjwa wa watoto. Ilipofika 2002 ndipo Marekani ilipoidhinisha atomoksetini, ikiwataja rasmi na watu wazima. Tukumbuke basi kwamba mtu wa miaka sitini anayeanza dawa leo yumo katika kizazi cha kwanza kabisa cha wazee wanaotibiwa ADHD.

Namna zinavyofanya kazi si fumbo kubwa. Methilfenideti huzuia dopamini na noradrenalini zisirudishwe haraka ndani ya seli za neva zilikotoka. Amfetamini hufanya hivyo na pia huzisukuma zitoke kwa wingi zaidi. Methilfenideti ya kawaida hudumu saa tatu hadi nne. Zile zinazoachia dawa polepole, kama Concerta, huvuka siku ya kazi. Lisdeksamfetamini imefungwa pamoja na asidi amino iitwayo laisini, na ni chembe nyekundu za damu zinazoifungua kidogokidogo, ndiyo maana kuisaga na kuinusa hakumharakishii mtu kitu. Atomoksetini si kichangamshi. Huanza taratibu na huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa.

Madaktari hupenda kufananisha vichangamshi na miwani: ukivaa unaona, ukivua huoni, na macho yako hayajabadilika. Mfano huo una ukweli nusu. Kwa upande wa umakini ni sahihi, kwa sababu jioni nguvu ya dawa imekwisha na kesho unaanza upya. Ila miwani haipandishi presha. Noradrenalini ileile inayoamsha ubongo inaubana pia mshipa wa damu na kuuharakisha moyo, na moyo, tofauti na umakini, hutunza kumbukumbu ya miaka.

Kilichoonekana Sweden

Majaribio ya dawa hizi ni mafupi mno kujibu swali la miaka. Uchambuzi mkubwa wa Samuele Cortese na wenzake, uliotoka mwaka 2018 ukikusanya majaribio 133, ulilinganisha dawa katika wiki ya 12 au karibu na hapo. Ulionyesha kwamba zinafanya kazi, na kwamba kwa watu wazima amfetamini ziko mbele. Lakini nani anameza kwa wiki 12? Na huwezi kuwachukua watu elfu, ukawapa nusu yao vidonge bandia kwa miaka kumi na kukaa unawatazama wakipoteza kazi.

Sweden ina njia nyingine. Tangu mwaka 1947 kila mkazi ana namba yake ya utambulisho, na tangu Julai 2005 kila dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari huingizwa kwenye daftari la taifa kwa namba hiyo. Namba hiyohiyo imo kwenye kumbukumbu za hospitali, za mahakama na za vifo. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm na Chuo Kikuu cha Örebro, miongoni mwao Henrik Larsson na Zheng Chang, wanaweza kujua mtu alichukua dawa mwezi gani na nini kilimpata mwezi huo, bila kumjua jina. Mwafrika Mashariki aliyezoea faili lililopotea hospitalini atalisoma hilo kwa wivu.

Utafiti wa kwanza uliotikisa ulitoka mwaka 2012. Uliwafuata watu 25,656 wenye ADHD, na badala ya kumlinganisha mtu na jirani yake, ulimlinganisha mtu na nafsi yake: vipindi alivyokuwa kwenye dawa dhidi ya vipindi alivyoacha. Makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake wakati wa dawa. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba malezi, urithi na umaskini wa mtu havibadiliki kati ya Machi na Agosti. Wamarekani waliitumia njia hiyohiyo kwa ajali za barabarani, katika utafiti wa 2017 uliogusa watu zaidi ya milioni 2.3 wenye ADHD: katika miezi ya dawa, ziara za chumba cha dharura kwa sababu ya ajali ya gari zilipungua kwa asilimia 38 kwa wanaume na 42 kwa wanawake.

Kisha vifo. Machi 2024 Waswidi walichapisha matokeo ya watu 148,578 waliotambuliwa kuwa na ADHD kati ya 2007 na 2018. Katika miaka miwili baada ya kutambuliwa, walioanza dawa walikufa kwa kiwango cha watu 39.1 katika kila 10,000. Ambao hawakuanza, 48.1. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka kwenye ajali, sumu na kujiua. Kwa vifo vya maradhi ya kawaida, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Sioni namba inayoeleza ADHD ya ukubwani vizuri kuliko hiyo. Watu hawafi kwa kusahau funguo. Wanakufa kwa kuvuka barabara bila kuangalia, kwa kuendesha wakiwaza kingine, kwa uamuzi wa usiku mmoja usio na kesho. Mwaka 2025 watafiti wa London walikadiria kwamba Waingereza watu wazima waliotambuliwa kuwa na ADHD huishi pungufu ya wenzao kwa takriban miaka 6.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Sigara, pombe, umaskini na matibabu yaliyocheleweshwa vina sehemu yao humo, na hakuna aliyesema kidonge peke yake kitairudisha miaka hiyo.

Upande wa pili wa daftari

Daftari lilelile lilitoa habari nyingine Novemba 2023, na hii wauzaji wa matumaini huipitia haraka. Watafiti waliwaangalia watu 278,027 wa umri wa miaka 6 hadi 64 kwa muda uliofika miaka 14. Kila mwaka mmoja wa kutumia dawa uliambatana na ongezeko la asilimia 4 la uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu. Ongezeko lilikuwa kali zaidi katika miaka mitatu ya kwanza, kisha likatulia. Waliotumia zaidi ya miaka mitano walikuwa na uwezekano ulio juu kwa asilimia 23 kuliko wasiotumia. Kilichopanda ni shinikizo la damu hasa, na magonjwa ya mishipa ya ateri; kwa shinikizo la damu, waliopita miaka mitano walikuwa na uwezekano ulio juu kwa asilimia 80. Hatari ilifuatana pia na ukubwa wa dozi.

Asilimia hizo zisomwe kwa utulivu. Katika kundi lote, waliopata ugonjwa wowote wa moyo au mishipa walikuwa 10,388, chini ya watu wanne katika kila mia. Ongezeko la asilimia 23 juu ya wanne ni kama mtu mmoja zaidi. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye presha nzuri, mwembamba, asiyevuta sigara, si sababu ya kukesha. Kwa mama wa miaka 52 mwenye mzazi aliyekufa kwa kiharusi, ni habari ya kuzungumzwa kwa kirefu. Dawa ni moja, hesabu ni mbili, na hapo ndipo ninapokosana na madaktari wanaosema “hii dawa ni salama” na kufunga faili. Salama kwa nani, kwa dozi gani, na ilipimwa lini?

Kinachokera ni kwamba kinga yake ni rahisi. Shinikizo la damu hupimwa kwa dakika tatu, kwa kifaa kilichopo hata kwenye maduka mengi ya dawa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unaagiza mtu mzima aliye kwenye dawa hizi apimwe presha na mapigo ya moyo kabla na baada ya kila mabadiliko ya dozi, kisha kila miezi sita. Uzito wake pia kila miezi sita, kwa sababu dawa hukata hamu ya kula. Na angalau mara moja kwa mwaka daktari akae naye waamue kama kuna haja ya kuendelea. Presha ikipanda, kuna njia: kupunguza dozi, kubadilisha dawa, kuitibu presha yenyewe. Atomoksetini si kimbilio la moja kwa moja kwa sababu nayo huinua presha na mapigo kwa baadhi ya watu.

Dozi kubwa zina hatari nyingine, ya akili. Mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya McLean, karibu na Boston, walionyesha kwamba vijana na watu wazima waliotumia dozi za juu za amfetamini walikuwa na uwezekano zaidi ya mara tano wa kupatwa na kichaa cha ghafla au wazimu wa furaha iliyopitiliza. Kwa methilfenideti ongezeko hilo halikuonekana. Mtu anayeongeza dozi kila mwaka kwa sababu “ya mwanzo imezoeleka” anapaswa kulijua hilo kabla ya kuomba nyongeza.

Je, kweli huzoeleka? Wapo wanaosema hivyo, na si wote wanajidanganya. Lakini mara nyingi kilichobadilika ni maisha. Dozi iliyomtosha mtu asiye na mtoto haimtoshi mwenye mapacha wa miezi minne na usingizi wa saa nne. Anachohitaji ni usingizi. Njia ya kujua ni kuacha kwa muda, kwa makubaliano na daktari, na kuangalia. Waholanzi walilifanya hilo kwa utaratibu wa kisayansi: waliwachukua watoto na vijana 94 waliokuwa wametumia methilfenideti zaidi ya miaka miwili, wakawabadilishia baadhi yao vidonge bandia bila mtu kujua nani ana nini. Katika wiki saba, asilimia 40 ya waliobadilishiwa walizorota, dhidi ya 16 ya walioendelea. Dawa ilikuwa bado inafanya kazi, basi. Lakini tazama upande wa pili wa namba hiyo: zaidi ya nusu ya walioachishwa hawakuzorota. Walikuwa watoto, na mtu mzima si mtoto, ila swali walilolifungua linamhusu.

Linamhusu zaidi kwa sababu ADHD yenyewe haikai mahali pamoja. Margaret Sibley na wenzake waliwafuata Wamarekani 558 waliotambuliwa utotoni hadi wakakaribia miaka 25. Ni asilimia 9 tu walioonekana kupona na kubaki wamepona. Karibu asilimia 64 walikuwa na vipindi vya nafuu na vipindi vya kurudi, nenda rudi. Ukiisoma hiyo vizuri, “maisha yote” na “mpaka nipone” yote ni majibu ya mtu aliyebahatisha.

Jaribio la kuacha lina adabu zake. Huachi wiki ya mtihani wala wiki ya kukabidhi hesabu za ofisi. Kwa namba zile za ajali, huachi wiki unayosafiri na gari. Anayetumia dozi kubwa ya amfetamini akikata ghafla anaweza kulala kama mzigo na kuwa na huzuni kwa siku kadhaa, na hiyo si ADHD iliyorudi, ni mwili unaozoea upya. Hukumu isubiri ipite. Na usiwe wewe peke yako hakimu. Mwenye ADHD si mtazamaji mzuri wa umakini wake. Muulize mkeo, mumeo, au yule mfanyakazi mwenzako asiyekuonea haya.

Cheti, mpaka na soko

Neno kulevya lazima liguswe. Amfetamini na methilfenideti zimo katika Orodha ya Pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na zimo kwa sababu. Zikimezwa kwa wingi, zikinuswa, zikichomwa sindano, zinalevya na zinaharibu. Zikimezwa kwa dozi ya daktari na mwenye ADHD, tafiti za Sweden zinaonyesha upande mwingine: uchambuzi wao wa 2025 ulikuta kwamba walioanza dawa walikuwa na matumizi mabaya ya vilevi pungufu kwa asilimia 15.

Kwetu kuna wanaosema dereva anayetafuna miraa usiku kucha anajitibu tu kienyeji. Kathinoni iliyomo kwenye miraa mbichi kweli ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Lakini kitita cha miraa hakina miligramu wala saa ya kuisha nguvu, na kijiweni hakuna anayempima mtu presha. Anayejihisi hawezi kufanya kazi bila miraa aende apimwe. Huenda ana ADHD, huenda ana uraibu, huenda ana vyote viwili.

Biashara nayo imeharibu. Wakati wa Uviko-19 Marekani iliruhusu vichangamshi viandikwe kwa mazungumzo ya video, zikachipuka kampuni za mtandaoni za kuandika vyeti, na mwaka 2024 serikali ikawakamata viongozi wa moja ya kampuni hizo. Oktoba 2022 ilitangazwa rasmi kwamba Adderall, moja ya dawa za amfetamini, imeadimika, na Septemba 2023 Uingereza nayo ikatoa tahadhari ya uhaba. Watu waliotulia kwa miaka walijikuta wakizunguka duka moja la dawa hadi jingine. Huo ulikuwa uachaji usiopangwa, wa mamilioni kwa pamoja, na haukuwa na adabu hata moja kati ya nilizozitaja.

Kwa Waswahili wa ughaibuni kuna mpaka pia. Aliyeandikiwa Adderall Minneapolis hawezi kutua nayo Dubai kama aliyebeba Panadol. Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali cha dawa zinazodhibitiwa kabla ya safari. Japani haikubali amfetamini kabisa, hata ukiwa na cheti. Ulizia ubalozi kabla hujakata tiketi.

Na kwa nchi zetu, kikwazo kimoja kipo Geneva. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya dawa muhimu ambayo serikali nyingi huitazama zinapoamua zinunue nini. Methilfenideti ilipendekezwa iingizwe mwaka 2019 na tena 2021. Mara zote mbili kamati ya wataalamu ilikataa, ikitaja udhaifu wa ushahidi wa faida na madhara ya muda mrefu. Naielewa hoja yao, kwa kuwa nimetoka kuwaonyesha kwamba majaribio ni ya wiki chache. Lakini ushahidi wa Sweden umeongezeka sana tangu hapo, na ugumu wa kamati haumgusi tajiri wa mjini anayeagiziwa dawa kutoka nje. Unamgusa anayetegemea hospitali ya wilaya. Sidhani msimamo huo utaweza kutetewa kwa muda mrefu zaidi.

Dawa pekee, hata hivyo, haimfundishi mtu kupanga siku. Inamkalisha kitini, cha kufanya akiwa amekaa ni juu yake, na hapo ndipo tiba ya mazungumzo, kalenda ya ukutani na mwenzi mwenye subira vinapoingia. Mwanamke anayetaka kubeba mimba alizungumze suala la vidonge na daktari mapema, si wiki ya kumi.

Wewe unayemeza, basi, usiende kuchukua vidonge vya mwezi ujao kabla hujapimwa presha na mapigo ya moyo. Andika namba hizo kwenye karatasi, umpelekee daktari wako, na umtake akueleze kwa nini mwaka huu bado unahitaji dawa na kwa nini kwa dozi hiyo. Akishindwa kukueleza, tafuta daktari mwingine.